Nikijifungua kwa upasuaji: nifungwe mirija ya uzazi au itolewe yote?

Swali: Nina watoto watatu, wa nne atazaliwa mwezi ujao kwa upasuaji hapa Kisumu. Nimeamua kufunga uzazi. Daktari anasema anaweza kufunga mirija au kuitoa yote. Wifi yangu alifungwa, akashika mimba miaka sita baadaye. Nichague ipi? Na zile springi za kuwekewa ndani ya mirija bila kupasuliwa?

Jibu: Mama, kama daktari wako ana uzoefu wa kuitoa, aitoe.

Katika njia ya Pomeroy, mojawapo ya njia za kufunga mirija, mrija huinuliwa ukajikunja kitanzi, shina la kitanzi likafungwa kwa uzi wa katiguti, kilele kikakatwa. Katiguti huyeyuka, na imechaguliwa kwa sababu hiyo: ncha mbili huachana, kila moja ikapona kivyake. Uzi usioyeyuka huziacha zimebanana, na njia inaweza kutoboka upya. Kosa jingine ni kufunga kano ya kizazi, inayofanana na mrija kwa mwenye haraka. Mpasuaji makini hufuata mrija hadi kwenye ncha yake yenye nyuzi kama vidole, karibu na ovari, ndipo akate. Lakini hata kazi safi hushindwa mara chache: utafiti wa CREST wa Marekani ulipata mimba 7 hadi 8 kwa wanawake 1,000 ndani ya miaka 10, kwa waliokatwa kipande cha mrija baada ya kujifungua.

Mrija ukitolewa wote, hakuna ncha za kuungana. Zaidi ya hayo, saratani nyingi kali za ovari huanzia kwenye vidole vya mrija, kwa hiyo hatari hiyo hupungua. Ovari zinabaki, hedhi itarudi kama kawaida.

Gharama yake ni dakika kadhaa zaidi mezani. Mishipa ya damu chini ya mrija huvimba wakati wa ujauzito, hivyo hufungwa kidogo kidogo isivuje. Makovu ya upasuaji wa awali yakiziba njia, daktari atarudi kwenye Pomeroy. Fomu ya ridhaa itaje njia zote mbili, uitie sahihi wewe mwenyewe kabla uchungu haujaanza. Ukijuta baada ya kutolewa mirija, mimba itawezekana kwa kupandikizwa (IVF) tu, na hiyo ni ghali.

Springi unazouliza, za Essure, zilikoma kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2018, baada ya malalamiko mengi ya maumivu na ya springi kutoboa kizazi. Achana nazo.

Ukiishia kufungwa, hedhi ikikosekana siku za usoni pima mimba mara moja. Takriban moja kati ya tatu ya mimba zinazotokea baada ya kufungwa mirija hutunga nje ya kizazi. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo au kizunguzungu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.