"Abandoned" si "kutelekezwa" kila mahali

Mkuu, umeuliza neno la Kiingereza "abandoned" lina maana gani hasa na visawe vyake ni vipi, ukatoa mifano mitatu kutoka kwenye kazi unayotafsiri: nyumba, mke na mtoto mchanga. Waliotangulia kukujibu karibu wote wamesema "-liotelekezwa", basi. Mimi kazi yangu ni ukalimani na tafsiri, zaidi kwenye mashauri ya ndoa na ustawi wa jamii, na jibu hilo moja nimeliona likiwatesa watu. Niruhusu nieleze kwa kirefu.

Kutelekeza kuna lawama ndani yake. Anayetelekeza ni yule aliyepaswa kutunza: mume, mzazi, mkandarasi aliyepokea malipo ya awali akaingia mitini. Asiye na wajibu juu ya kitu anakiacha, anakihama, anakitupa, anakisusa kama ana hasira, lakini hakitelekezi. Kiingereza hakijali hilo. Neno moja linabeba wenye makosa na wasio na makosa. Kwa hiyo kabla hujashika kamusi, soma aya nzima ujue nani aliondoka, alikuwa anadaiwa nini, na aliacha nini nyuma.

Tuanze na nyumba, maana hiyo ni nyepesi. Kama kuta zimebomoka na paa limeanguka, hilo ni gofu. Kama ujenzi uliishia njiani na vijana wanalala humo, kwetu Dar tunasema pagale. Kama ni nzima ila wenyewe wamehama, sema nyumba isiyokaliwa. Kijiji kizima kilichohamwa ni mahame, na Kanda ya Ziwa utasikia matongo. Waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970 wanalijua neno hilo vizuri: unapita porini unakuta miembe imejipanga na mafiga ya zamani, unaambiwa haya ni mahame ya watu fulani. Ukiandika kwamba watu hao "walitelekeza" makazi yao umewatwisha kosa ambalo si lao, kwa sababu wengi hawakuulizwa. Vivyo hivyo Kilwa Kisiwani au Gede kule Malindi: tunasema magofu, tunasema mji uliohamwa.

Mfano unaonisaidia sana kuwaeleza wanaoanza kazi hii ni wa meli. Kiingereza kinasema mabaharia "wame-abandon" meli, na kinasema pia mwenye meli "ame-abandon" mabaharia. Kitenzi ni kilekile. Kwetu mabaharia wameihama meli, pengine kwa amri ya nahodha kwa sababu inazama. Mwenye meli ndiye aliyewatelekeza. Na hili lina uzito wa kisheria: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, pamoja na marekebisho yake yaliyoanza kutumika 2017, unamhesabu baharia kuwa ametelekezwa pale mwenye meli anaposhindwa kumgharimia kurudi kwao, anapomwacha bila chakula na matunzo, au anapokata uhusiano naye, ikiwemo kutomlipa mshahara kwa miezi miwili au zaidi. Wako vijana wa Mombasa na Unguja wanaofanya kazi kwenye meli za Ghuba, na baharia akipiga simu nyumbani kuomba msaada, taarifa ikiandikwa "mabaharia walioiacha meli" inaonekana kama yeye ndiye aliyetoroka kazi.

Sasa mke. Hapa naomba usome polepole.

Niliwahi kuletewa maelezo ya mama mmoja yaliyotafsiriwa kutoka fomu ya Kiingereza. Mume wake aliondoka, hatumi pesa, hajulikani aliko. Fomu ilisema "abandoned". Mtafsiri akaandika "ameachwa na mumewe". Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa wa Pwani, mwanamke aliyeachwa ni aliyepewa talaka. Ndiyo maana yake, haina ubishi. Huyu mama hakuwa na talaka. Alikuwa mke wa mtu, hawezi kuolewa, na kila aliyesoma lile karatasi alimuuliza hati ya talaka iko wapi. Akaonekana mwongo mbele ya watu waliotakiwa kumsaidia.

Tofauti hiyo inagusa haki zake moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inautambua utelekezwaji wa makusudi wa angalau miaka mitatu kuwa moja ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lakini anayedai kutelekezwa na hajui mwenzake aliko sheria inamruhusu kwenda mahakamani bila kupita huko. Aliyekwisha kuachika hana haja ya hayo yote. Madai yake ni mengine kabisa. Kwa hiyo neno moja lililochaguliwa vibaya lilimtoa mama huyu kwenye mlango wake na kumpeleka kwenye mlango usio wake. Andika "ametelekezwa na mumewe", na kama fomu ina nafasi, ongeza "bila talaka".

Kwenye mapenzi ya vijana ni habari nyingine. Huko mtu kapigwa kibuti, kaachwa solemba, kaachwa kwenye mataa. Usiyaingize kwenye hati, ila kwenye tamthilia au hadithi yanakaa vizuri kuliko "alitelekezwa", ambalo litafanya wapenzi wa miezi michache waonekane wana ndoa na watoto.

Mzazi mzee naye halalamiki kwa neno la kwenye fomu. Husema "mwanangu amenitupa". Ukiwa unatafsiri mahojiano ya wazee usiisafishe hiyo, iache ilivyo. Na maana ya kiroho, ile ambayo Kiingereza huiita "forsaken", Biblia ya Kiswahili imeibeba kwa kitenzi chepesi kuliko vyote: "mbona umeniacha?" katika Mathayo 27:46. Hali ya moyo wa mtu huyo ni ukiwa. Matumizi mengine ya "abandoned" ni mepesi: mechi iliyosimamishwa kwa mvua au fujo bila kumalizika imevunjika. Askari aliyeondoka lindoni ametoroka lindo. Hayo hayahitaji maelezo.

Mwisho mtoto wako mchanga. Gazeti litasema "mtoto aliyetupwa", na kwa kitoto kilichookotwa jalalani au chooni ni kweli. Lakini wako wanaoachwa wodini, mlangoni mwa kanisa au kwa jirani, wamefungwa vizuri kwenye khanga. Hao hawakutupwa. Usiandike "yatima" pia, kwa kuwa hujui kama wazazi wamekufa, na yatima hushughulikiwa tofauti na mtoto ambaye wazazi wake bado wanatafutwa. Hata "kutelekezwa" uliandike kwa uangalifu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kuwa kosa kwa mzazi mwenye uwezo kumtelekeza kwa makusudi, bila sababu ya msingi, mtoto wa chini ya miaka 14 na kumwacha bila matunzo. Kuna uwezo, kuna makusudi, kuna sababu. Wewe mtafsiri hujayathibitisha hayo, na faili hilo mtoto mwenyewe ana siku atakayoliomba alisome.

Kwa sentensi yako ya Kiingereza inayomwita mtoto huyo "abandoned", mimi ningeandika: "Mtoto wa kike, umri unaokadiriwa kuwa wiki mbili, aliyekutwa peke yake nje ya zahanati, wazazi hawajafahamika." Kama mwenye hati atasisitiza neno lake libaki, weka "anayedhaniwa kutelekezwa", na umwambie kwa nini umeongeza "anayedhaniwa".