Kabla hujashika daftari la pweza

Kamati ya uvuvi ya shehia, yaani eneo lenu dogo la utawala, imekuchagua, umepewa mizani na daftari la kuandikia pweza wanaovuliwa, na bamvua ijayo, maji yatakapokupwa sana, unatakiwa uwepo diko, pale wavuvi wanaposhusha walichovua. Pengine umemaliza kidato cha nne ukarudi nyumbani; pengine ni mama unayechokoa pweza mwambani kwa kijiti tangu utotoni. Kazi ni ile ile: kuuchunguza mwamba wenu nyinyi wenyewe, kama walivyofanya watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walipofunga sehemu ya mwamba, asivue mtu pweza pale, kwa miezi mitatu na kupima kilichotokea. Na wao hawakuwa wa kwanza katika bahari hii. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu jambo hilo mwaka 2004, na vijiji vingi vikaiga.

Anza na swali ambalo jibu lake mnaweza kulifanyia kazi. "Je, pweza wamepungua?" halikusaidii kitu, maana kila utakayemuuliza atasema ndiyo, hata aliyerudi na kilo kumi jana. Uliza hivi: tukiufunga mwamba fulani miezi mitatu, siku ya kuufungua mtu mmoja atapata zaidi ya alichokuwa akipata kabla ya kufunga, na faida hiyo itadumu bamvua ngapi? Pweza anafaa kwa swali la namna hiyo kwa sababu anakua haraka na haishi sana, mwaka mmoja hivi au mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni kulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri. Ungekuwa unachunguza changu au chewa, miezi mitatu isingekwambia lolote.

Sasa daftari lenyewe. Wageni wengi wa kazi hii huandika pweza tu: fulani, watatu, kilo nne. Hiyo ni nusu ya habari. Kilo arobaini zilizoletwa na watu wanane si sawa na kilo arobaini zilizoletwa na watu thelathini, ingawa kwa mchuuzi ni mzigo ule ule. Andika nani alitoka, alikwenda mwamba gani, kwa miguu au kwa mbizi, alikaa majini kwa muda gani. Na tafadhali, mwandike aliyerudi mikono mitupu. Huyu ndiye anayekosekana katika madaftari karibu yote niliyoyaona. Hapiti kwenye mizani kwa sababu hana cha kupima, anakwenda zake nyumbani kimya kimya. Lakini ukimwacha, wastani wako unapanda, na kamati inaambiwa mwamba una afya wakati nusu ya watu wanatoka patupu. Mfuate, umuulize, uandike sifuri. Sifuri ni takwimu.

Upimaji nao una mambo yake. Wapiga mbizi wengine huja na pweza waliokwishatolewa matumbo, akina mama huja nao wazima, na pweza aliyejaa maji hudanganya mizani. Kubalianeni namna moja, na pale isipowezekana weka alama pembeni. Pima kila pweza peke yake. Jumla itakuficha jambo kubwa kuliko yote, yaani kama wanaoletwa ni wakubwa au ni wadogo wengi.

Halafu kalenda. Fomu nyingi zinazotoka mjini zina Januari, Februari, Machi. Pweza anayefuatwa kwa miguu havuliwi kwa Januari. Huvuliwa kwa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukaonekana. Maji mafu, yasipokupwa sana, hakuna anayekwenda. Kwa kuwa bamvua hurudi kila baada ya siku kumi na tano hivi, mwezi mmoja wa ukutani unaweza kubeba bamvua mbili na mwingine tatu, na ukilinganisha miezi hiyo utadhani pweza wameongezeka kumbe ni maji tu. Linganisha bamvua kwa bamvua. Kusi na kaskazi usivichanganye. Ramadhani iandike pia, kwani watu hutoka kidogo mchana, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, hivyo mwezi ule ule wa mwaka jana huenda haukuwa na funga.

Ukikaa diko tu, utawakosa wanawake. Wengi wanashuka ufukweni karibu na kwao na kumuuzia mchuuzi pale pale, hawaoni sababu ya kumpelekea bwana diko, msimamizi wa diko, pweza wawili. Kwa hiyo atafutwe mwanamke mwenzao ashike daftari la pili. Majina ya miamba nayo yatawatofautisha: wapiga mbizi wana majina yao, wachokoaji wana yao, na mara nyingine ni mwamba mmoja. Chora ramani mchangani na wote wawepo kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Hili la wanawake lina uzito zaidi siku ya kufungua. Sehemu inayofungwa mara nyingi ni ile ya karibu, inayofikika kwa miguu, na aliyekosa kitoweo miezi mitatu ni mama asiye na mtumbwi. Siku ya kufungua wapiga mbizi wenye miwani hufika kwanza, na watu wa vijiji vya jirani huja na vyombo vyao. Daftari lako lioneshe waliobeba hasara ni akina nani na waliopata ni akina nani. Jumla ya kilo ikiwa nzuri huku wachokoaji wakirudi na sifuri, kamati inatakiwa ilijue hilo kabla haijapiga mbiu ya kufunga tena.

Kwenye kisiwa kidogo hakuna siri ya jina. Ukisoma mbele ya watu kwamba "mwenye mtumbwi wa mashine" alionekana ndani ya eneo lililofungwa, umeshamtaja, na huenda ni mjomba wako. Katika daftari tumia namba. Orodha ya majina ikae kwa mtu mmoja aliyeaminiwa na kikao. Uchunguzi na doria viwe vya watu tofauti. Watu wakikuona wewe ndiye unayewapeleka kwa sheha, kiongozi wa shehia, hawatakuonesha tena pweza wao.

Kila baada ya bamvua mbili tatu soma matokeo barazani, kwa idadi ya pweza na kilo kwa mtu mmoja, bila asilimia. Wavuvi watakupinga, na mara nyingi watakuwa na hoja: siku ile upepo ulikuwa mkali, mwamba ule maji yalichafuka. Yaandike maelezo hayo pembeni ya namba. Na akija mtafiti kutoka nje akaomba kulipiga picha daftari, jibu ni la kamati, si lako. Ikikubali, apewe nakala, daftari lenyewe libaki kwenye shehia, na kikao kiandike atarudi lini na matokeo.