Kituo cha elfu moja kwa siku

SWALI: Shikamoo bibi. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, inaisha mwezi ujao na narudi dukani. Hapa Mbagala kuna mama analea watoto kwake kwa elfu moja kwa siku, uji unabeba mwenyewe. Kituo chenye usajili kinataka laki na nusu kwa mwezi. Kwa nini serikali isiweke kiwango kimoja, wasiokifikia wafungiwe?
Mama Kichanga, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na kabla sijastaafu ustawi wa jamii nilivikagua sana. Kufungia ni rahisi. Ila ukimfungia huyo mama leo, watoto wake hawahamii kwenye kituo cha laki na nusu. Wanabaki na dada yao wa darasa la tatu, na shule kwake ndiyo basi.

Ningepewa kalamu, ningeanza na machache: watoto wangapi kwa mlezi mmoja, maji, choo, jiko liwe mbali na wanaotambaa, geti liwe na komeo. Bembea na picha za ukutani zisubiri (wakaguzi wengine huzipenda hizo kuliko choo). Na halmashauri ichangie gharama, maana elfu moja yako haimlipi mlezi wa pili. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, ilizinduliwa 2021; kwenye mkutano wa mtaa uliza imewafikiaje walezi wa majumbani.

Sasa wewe. Nenda kwake saa saba mchana, bila taarifa. Hesabu watoto, kisha watu wazima. Tazama kama kikombe kimoja kinazunguka midomo yote. Kelele zisikutishe, mimi huogopa kimya. Ukikuta watoto kumi wamelala fofofo kwa mpigo, uliza wamepewa nini. Nyumba moja nilikuta chupa ya dawa ya mafua juu ya kabati, imebaki nusu, na hakuna mtoto hata mmoja mwenye kamasi.

Na bosi wako mkumbushe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: unaponyonyesha una haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Kama duka si mbali, zitumie kwenda kumnyonyesha, na usifike saa ileile kila siku.