Mkipita Kendu Bay kwa boti, shukeni

Dada, umeuliza kama wewe na mzee mkisimama Kendu Bay, mji mdogo kando ya Ziwa Victoria, nusu siku mkitoka Kisumu kwenda kisiwa cha Rusinga mtapoteza muda. Hapana, shukeni. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 (wakati huo pakiitwa Port Florence), meli zikaanza kubeba mizigo na abiria kwenda bandari ndogondogo za ziwa, na Kendu ilikuwa mojawapo. Barabara ndizo zilizoimaliza baadaye.

Msitarajie Lamu lakini. Ni gati kuukuu, maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza na mabati yaliyoshika kutu, na msikiti. Mimi ningekaa ufukweni: akina mama wameanika omena (dagaa wa ziwani) juu ya nyavu chakavu, wanazigeuza kwa mkono huku wakifukuza ndege, na bei inapanda wakiona kamera shingoni. Salimia kwanza, nunua gorogoro moja (kopo la kupimia), ndipo uombe picha.

Kisha chukueni bodaboda hadi Simbi Nyaima, ziwa la magadi ndani ya kreta. Wenyeji husema palikuwa na kijiji kilichomnyima bikizee hifadhi, kikazama. Heroe (flamingo) huja na kuondoka wanavyotaka, usiahidiwe na mtu.

Chakula: ngege (tilapia) wa kuchemsha na ugali wa wimbi.

La muhimu zaidi, ondokeni Kisumu alfajiri. Alasiri upepo wa ziwani huchafua maji, na gugumaji likisukumwa likaziba gati, nahodha atawashusha mahali pengine. Maboya ya kuvaa mkague wenyewe kabla ya kulipa.