Jino moja na jeneza kubwa

Mhariri, wiki hii umetuuliza: katika riwaya zinazochanganya sayansi na ulozi, nani anatisha zaidi, mlozi anayeinua wafu au mtawala asiyekufa?

Mtawala. Mlozi wa mifupa ni fundi tu, anangoja kilio kiishe ndipo apate kazi. Asiyekufa hangoji mtu. Hataki mrithi, kwa hiyo kila kijana mwenye akili ni adui yake. Na wasiokufa wenzake? Wamekosana miaka elfu, kila mmoja anakumbuka alichotendewa. Sisi ugomvi wetu wazee huenda nao kaburini. Wao hakuna anayezikwa.

Katika Gideon the Ninth ya Tamsyn Muir (2019), anayetaka kuishi milele lazima ameze roho ya mlinzi wake. Samahani kwa ambao hawajaimaliza. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikatembea kidogo uani.

Ila kilichonikamata zaidi ni kitu kidogo. Msichana mmoja mlozi anatwaa kipande cha mfupa, na kutoka hapo anaotesha kiunzi kizima cha mtu. Msomaji wa kwingine atakiona kiinimacho. Mimi niko Lubumbashi, nikawaza Shilatembo, nje kidogo ya mji. Huko, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi pamoja na wenzake wa siasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakafukiwa, halafu wakafukuliwa, wakakatwakatwa, wakayeyushwa kwa asidi. Wauaji wao bunduki walikuwa nazo, serikali ya Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga, walikuwa nayo, na bado waliogopa kaburi! Mwenye kutaka kutawala bila mwisho ndivyo alivyo: hatosheki na wewe kufa, anataka usibakize hata cha kushikwa mkononi.

Polisi mmoja Mbelgiji alijiwekea jino la Lumumba. Juni 2022 Ubelgiji ikalirudisha, likazungushwa nchini ndani ya jeneza la mtu mzima, likaletwa hadi Shilatembo, na tarehe 30 likazikwa Kinshasa. Mzee jirani yangu aliniuliza siku zile, "Mwanangu, jeneza kubwa vile kwa jino moja?" Nikamjibu, "Baba, kumbe ulitaka waje na kiberiti?" Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu, akauliza tena: "Na wale wawili?"

Sikuwa na jibu. Kwa Mpolo na Okito, hata yule msichana wa riwaya hangepata pa kuanzia.

Msomaji, Lubumbashi