Jiwe likizama Ziwa Tanganyika

Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba wanafunzi wako huko Tabora wanauliza: jiwe likidondoshwa katikati ya Ziwa Tanganyika, linazidi kuongeza kasi mpaka chini? Hapana. Jiwe la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 5 humaliza kuongeza kasi ndani ya mita 1 hivi ya kwanza. Baada ya hapo ni kama mita 1.5 kwa sekunde tu, hadi kina kirefu kabisa cha mita 1,470. Safari nzima ni dakika 16 hivi.

Uzito wa jiwe haubadiliki, na maji hulinyanyua kwa kiasi kilekile muda wote. Kinachokua ni ukinzani, yaani nguvu ya maji kuzuia mwendo: kwa jiwe kama hilo, kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani unakuwa mara nne, mpaka unafuta ziada yote ya uzito. Hapa wanafunzi wengi hukosea, wakaandika kwamba kani (nguvu) za kuvuta chini na za kusukuma juu zikilingana jiwe linasimama. Halisimami! Linaendelea kwa kasi ileile liliyokwisha kuipata, na hiyo ndiyo kasi kikomo.

Umbo dogo huikuta mapema, tena ikiwa ndogo. Punje ya mchanga ya milimita 0.2 ingechukua kama saa 16 kufika chini. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002, maji yakiwa yametulia kabisa, zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana ndoo ya maji ya mto hubaki na wekundu hata kesho yake, mpaka utie shabu ishikamanishe chembe ziwe mabonge.

Darasani tumia asali yenu ya Tabora, maana kwenye maji gololi hufika chini kabla hujabonyeza saa. Kata shingo ya chupa angavu, jaza asali, chora mistari kila sentimita 5. Chukua gololi za baiskeli, ya ekseli ya nyuma (milimita 6) na ya usukani (milimita 4). Zichovye kwanza kwenye asali ili zisibebe mapovu, kisha ziachie katikati kabisa. Ikikaribia ukuta gololi hupungua mwendo. Muda kati ya mistari utakuwa sawasawa, na ile kubwa itakwenda kwa kasi zaidi ya mara mbili ya ndogo.

Vipimo vyote vichukue kipindi kimoja. Jua la mchana hulainisha asali, na namba za asubuhi hazitakubaliana na za alasiri.

Baba yako