Kocha, Saa Yangu Inasema Nimeshuka Kiwango

SWALI: Shikamoo Kocha. Nilihamia Dar es Salaam kikazi mwezi Januari nikitokea Arusha, na najiandaa na marathoni yangu ya kwanza. Nafuata mpango wa akili mnemba kwenye programu ya kulipia. Kila nikimaliza kukimbia saa inaniandikia kwamba mazoezi yangu hayana tija, na mpango umeshanipunguzia kasi. Rafiki zangu wanasema miaka michache ijayo hakuna atakayehitaji kocha wala daftari. Niamini saa? – Mkimbiaji wa Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujashuka kiwango; umeshuka kutoka Arusha tu.

Arusha ipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na alfajiri yake inataka sweta. Mbezi mwezi wa pili fulana inaloa kabla jua halijachomoza. Mwili ukipata joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na jasho nalo linapunguza maji yaliyomo kwenye damu. Moyo utafanyaje? Unapiga haraka zaidi kwa kasi ileile uliyoizoea. Saa yako inalinganisha kasi na mapigo. Ikiona mapigo yamepanda na kasi iko palepale, inakuhukumu kwamba pumzi imepungua. Zipo saa zinazojaribu kusahihisha kwa kuchukua hali ya hewa kutoka kwenye simu, na zinasaidia kiasi. Mwili huzoea joto kwa sehemu kubwa ndani ya wiki mbili hivi, ila hata ukizoea, kasi ya Arusha usiitafute barabara ya Bagamoyo saa tatu asubuhi.

Sasa hao rafiki zako. Kuna jambo wameliona sawasawa. Aprili 2025 Strava, programu ya kurekodi na kuonyesha mazoezi mtandaoni, ilitangaza kuinunua Runna, kampuni ya Uingereza inayotengeneza mipango ya mazoezi. Maana yake kumbukumbu zako na mpango wako vinaanza kukaa nyumba moja: usingizi wa jana unasomwa, zoezi la leo linabadilishwa kabla hujafunga kamba za viatu. Mimi sina kinyongo. Wakimbiaji wengi wa nchi hii hawajawahi kuwa na kocha hata siku moja, na mpango wa mashine ni bora kuliko kukimbia kilomita 10 zilezile kila siku mpaka goti liseme basi.

Ila mashine inakula ulichoilisha. Hesabu iliyoenea kwenye programu hizi, kama ile ya TrainingPeaks, inalinganisha mzigo wako wa mazoezi wa wastani wa siku 42 na ule wa siku 7. Hesabu nzuri kabisa. Haijui kwamba juzi ulikesha msibani Kibaha, wala kwamba umetoka kumaliza dozi ya malaria, wala kwamba umefunga na unakimbia saa moja kabla ya futari. Usipoiandikia, itausoma ukimya wako kama uvivu, au mbaya zaidi, kama mapumziko, kisha ikuongezee kazi.

Kwa hiyo andika. Kila baada ya zoezi, sentensi moja ya maneno na namba moja ya ugumu, kuanzia 0 hadi 10, kwa jinsi wewe ulivyousikia mwili. Zidisha namba hiyo kwa dakika ulizokimbia. Dakika 60 kwa ugumu wa 6 ni 360. Njia hii ni ya mtaalamu wa sayansi ya mazoezi wa Marekani, Carl Foster. Haihitaji saa wala bando, na inakubali joto la Dar bila ubishi, maana joto lenyewe limeshaingia kwenye ile 6. Wiki ambayo kasi ni ileile lakini namba zinapanda, punguza wewe mwenyewe, usisubiri ruhusa ya programu. Eliud Kipchoge, pamoja na vifaa vyote anavyoweza kupewa, kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake kwa mkono daftarini, na kocha wake Patrick Sang yupo palepale.

Jambo jingine: daftari la mtandaoni ni la mwenye kampuni. Endomondo, programu ya mazoezi ya Denmark, ilinunuliwa na kampuni ya Under Armour mwaka 2015, ikafungwa mwisho wa 2020, na kumbukumbu za miaka ya watu zikatakiwa kuhamishwa upesi. Julai 2020 Garmin, kampuni ya saa za mazoezi, ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zake zikazimika siku kadhaa; saa ziliendelea kurekodi, lakini pa kupeleka hapakuwepo. Kila mwezi pakua faili zako za mazoezi, za aina ya FIT au GPX, uziweke mahali pako. Fanya kwa waifai ya ofisini, bosi hatajua.

SWALI: Kocha, mimi ni dada ninayekimbia peke yangu alfajiri hapa Mombasa. Kuna mtu nisiyemjua aliniandikia akitaja njia yangu ninayopita. Niache kuweka mazoezi mtandaoni?

JIBU: Usiache kukimbia, acha kumwonyesha mlango wako. Mzuie huyo mtu leo hii, na akiendelea, kapige ripoti. Ingia kwenye mipangilio uwaruhusu unaowajua tu waone mazoezi yako, kisha ufiche mwanzo na mwisho wa njia kwenye ramani. Badilisha njia na saa ya kutoka. Mwaka 2018 ramani ya Strava ilianika hata njia za askari ndani ya kambi za kijeshi, sembuse wewe. Na ukipata mwenzako wa kukimbia naye, bora zaidi.

SWALI: Nafundisha vijana huku Mbulu. Saa hakuna, simu ni yangu tu. Tunaachwa nyuma?

JIBU: Mwalimu, umeachwa nyuma na nani, wakati Alphonce Simbu ameleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo 2025? Kila kijana awe na daftari la kurasa 48: tarehe, dakika, ugumu, usingizi, maumivu. Jumapili piga picha kurasa zote na simu yako, uzipange kwa majina. Ukipata saa moja ya mkononi ya msaada, mpe anayerudi kutoka kwenye jeraha.